Chumba cha Daudi

Wameniambia nimestaafu. Walinifanyia na sherehe: keki, maua ya dukani, na hotuba ya Graham, mkuu wa ofisi ya watoto, aliyesema Koko Faida ameamua kupumzika baada ya miaka mingi ya kulea watoto wa wenzake. Watu wakapiga makofi. Mimi nikala keki. Sikuamua kupumzika hata kidogo, na Graham anajua vizuri, maana yalipotokea yaliyotokea alikuwa amekaa kwenye kochi langu. Lakini hotuba ya kuagwa ni kama hotuba ya msibani, hakuna anayesimama katikati kusahihisha.

Basi nasahihisha hapa. Nawaandikia ninyi mnaoanza kazi hii, hasa mama zetu wa Kongo hapa Birmingham ambao mnaniita Koko, yaani bibi, na mnaniuliza kanisani, "Koko, tuingie au tusiingie?" Shule niliishia darasa la nne, kule Bukavu, kwa hiyo msitafute maneno makubwa. Maneno makubwa mtapewa kwenye mafunzo, pamoja na biskuti.

Kazi yenyewe ni hii. Serikali ikiona mtoto hayuko salama kwao, inamtoa. Ikishamtoa inakuta haina pa kumweka, maana serikali haina sufuria wala kitanda. Hapo ndipo inamtafuta mtu kama mimi. Wanaomtoa na kumleta ni maafisa wa ustawi, ambao sisi huku Handsworth tunawaita masosho.

Sosho wa kwanza kuja kunikagua aliitwa David. Alitazama kengele ya moshi, akafungua kabati la sabuni, akauliza kama nina mbwa. Halafu akauliza kama ndani ya nyumba kuna silaha.

"Baba," nikamwambia, "silaha nimezikimbia, ndiyo maana unanikuta hapa."

Akaandika. Akauliza nikikasirika nafanyaje. Nikamwambia naimba. Akaandika hilo kwa urefu sana, mpaka nikawa na wasiwasi labda kuimba ni kosa. Mwishoni akapima chumba cha wageni kwa futi ya chuma. Siku ile niliona ni mchezo. Baadaye nilikuja kuelewa kwamba katika maswali yote yale, futi ndiyo iliyokuwa swali.

Mtoto wangu wa kwanza aliitwa Tyrone. Alisimama mlangoni ameshika mfuko mweusi wa taka. Nikamwuliza sosho wake, Claire, kama mfuko ule nikautupe.

"Hapana, hapana, hizo ni nguo zake."

Niliwaza, nchi hii imejenga reli na madaraja, imeshindwa kumnunulia mtoto sanduku? Kesho yake nilipanda basi mpaka duka la mzee Gurdial, Soho Road. Mzee huyo alivaa kilemba, alizaliwa Kisumu, na Kiswahili chake kilikuwa cha dukani. "Mama, hii sanduku iko nguvu sana, tembo nakanyaga, hapana pasuka." Nikanunua la bluu. Tangu siku ile hakuna mtoto aliyetoka nyumbani kwangu na mfuko wa taka. Shikeni hilo hata mkisahau mengine yote. Mafunzo yatawaambia mengi kuhusu hadhi ya mtoto, lakini hayatawaambia kuhusu sanduku.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Miss Beverley, Mjamaika wa ng'ambo ya barabara, mama mwenye sauti ya kengele ya shule. Alilea watoto kabla yangu miaka mingi. Aliniambia mtoto akifika usimwulize kitu, mpe chakula, halafu mpe kazi ndogo ya mikono, hata kumenya vitunguu saumu, maana mtoto mwenye kazi anajua anahitajika. Aliniambia pia niandike kila siku kilichotokea, na nisiandike ninachofikiri. Basi kila jioni nikawa naandika: "Amekula. Amecheka. Amevunja sahani. Sahani haikuwa nzuri." Claire wa pili, yule aliyekuja baada ya Claire wa kwanza kuacha kazi, aliniomba niongeze maelezo kidogo. Nikaongeza: "Sahani ilikuwa ya kijani."

Na mambo ya nywele, jamani. Shanice aliletwa kwangu kutoka kwa mlezi mmoja wa shambani, mama mwema kabisa, aliyekuwa akimwosha nywele kila asubuhi kwa shampuu kama anaosha gari. Kichwa cha mtoto kilikuwa kimekauka kama brashi ya viatu. Nikataka kumsuka. Masosho wakasema ngoja, kusuka kunabadilisha sura ya mtoto, lazima mzazi akubali, na mzazi atafutwe, na akipatikana aandike. Miss Beverley akaja na mafuta ya nazi na kiti kidogo. Ruhusa ilipofika, Shanice alikuwa amesukwa, amefumuliwa, na amesukwa tena.

Walipita wengi. Tyrone na Shanice, Ikram, Kacper aliyeficha mkate chini ya mto, mapacha Leah na Liam waliougua kila mmoja kwa zamu yake ili nisipumzike, Abdi, Chantelle, na Precious aliyeniita "bosi". Masosho nao walipita: David, Claire wa kwanza, Claire wa pili, Nigel, Femi, Rebecca wa machozi. Watu huniuliza nakumbukaje majina yote haya. Mimi nashangaa wao wanayasahauje. Mtoto amelala kwako, amekutapikia, halafu unauliza alikuwa anaitwa nani?

Sasa niwaeleze kilichonistaafisha.

Ofisini kwa Graham palikuwa na bango kubwa ukutani, limepakwa rangi nzuri, limeandikwa kwamba mtoto akitolewa kwa mzazi, kwanza atafutiwe ndugu. Nililiona kila nilipokwenda. Nililipenda. Nilidhani limewekwa pale ili watu walisome.

Wakaletwa kwangu Neema na Daudi. Neema alikuwa na miaka tisa, Daudi minne. Mama yao, Zawadi, namjua tangu kambi ya wakimbizi. Hakuwapiga wala hakuwatupa. Akili ilimchoka, na hilo linaweza kumpata mtu yeyote aliyebeba alichobeba yule binti. Akalazwa hospitali. Watoto walikuwa wanakisikia Kiswahili chote, lakini ukiwasemesha wanajibu Kiingereza cha Birmingham, kile cha kuvuta maneno kama ubani wa kutafuna. Daudi hakukubali chumba chake. Kila usiku nilimlaza huko, nikamfunika, na asubuhi nilimkuta kwa dada yake, mguu wake juu ya tumbo la Neema.

"Chumba changu kina baridi," alisema.

"Daudi, chumba chako ndicho chenye hita kubwa."

"Kina baridi ya watu."

Nikaandika kama alivyosema. Claire wa pili angefurahi.

Mdogo wake Zawadi yupo hapa hapa. Anaitwa Esperance, anafanya usafi kwenye hospitali kubwa ile karibu na Harborne. Kwetu mdogo wa mama ni mama. Hatumwiti shangazi, hatumwiti jamaa wa karibu, ni mama mdogo, na dada yake akianguka yeye ndiye anayesimama. Esperance aliwataka watoto tangu siku ya kwanza. Bango linasema ndugu kwanza, ndugu amepatikana, ana kazi, ana afya, anawapenda. Mimi nikaanza kukunja nguo zao kwenye masanduku.

Graham akaja nyumbani na sosho wa watoto wale, msichana anayeitwa Jaspreet. Jaspreet huyu ni mjukuu wa mzee Gurdial wa masanduku. Kiswahili chake ni cha babu yake, lakini moyo uko mahali pake. Esperance alikuwa amekaa pembeni, bado kavaa sare ya kazi. Graham aliongea taratibu, kama mtu anayemshusha bibi ngazi.

"Hakuna anayesema Esperance hafai. Lakini anakaa nyumba ya chumba kimoja. Neema anahitaji chumba chake, Daudi chake, na yeye chake. Ndiyo sheria."

"Na bango?" nikauliza.

"Bango lipi?"

Nikamwongezea chai.

Mpango wao, uliobaki kupitishwa na paneli, kile kikao chao cha uamuzi, ulikuwa huu: Neema apelekwe kwa familia moja nje kabisa ya mji, Daudi kwa familia nyingine upande mwingine, maana hawakupata wa kuwachukua wote wawili. Mpaka wawe wakubwa. Kwangu wasingeweza kubaki, nilikuwa na kibali cha kulea kwa muda mfupi tu, na kwa umri wangu waliona nitakufa katikati ya shule ya Daudi.

"Familia ya Neema ni watu wazuri mno," Graham alisema. "Wana farasi."

"Neema ameomba farasi?"

"Na wamejitolea kulinda utamaduni wake. Wameshanunua ngoma, na picha kubwa ya simba ya kutundika chumbani."

"Graham, mwanangu," nikamwambia, "mimi nimezaliwa Bukavu nikakulia Bukavu, na simba nimeanza kumwona hapa kwenu, kwenye mayai. Ule muhuri mwekundu kwenye ganda."

Jaspreet alikohoa ndani ya kikombe. Esperance hakucheka. Aliinama karibu nami akauliza kwa sauti ya chini, "Mama, banasema nini sasa? Banakataa?"

"Wanasema huna vyumba."

"Njo batoto ba dada yangu batapotea juu ya chumba? Kwetu tulilalaka saba mu chumba moja, na hakuna mwenye alikufa."

Nikamtafsiria Graham: watoto wapotee kwa ajili ya chumba, na sisi tulilala saba? Akasema anaelewa hisia zake. Wakisema hivyo, jueni mmeshindwa.

Na lilikuwepo la pili. Siku ya watoto kuonana na Esperance kwenye kituo chao, yupo mtu anayekaa kwenye kona na kuandika. Esperance aliingia, akanisalimia mimi kwanza kwa mikono miwili, akauliza habari za nyumbani, habari za miguu yangu, habari za mchungaji, ndipo akawageukia watoto. Ningeshangaa angefanya vingine, mkubwa husalimiwa kwanza. Yule wa kwenye kona akaandika kwamba mama mdogo hakuonyesha hamu na watoto. Bahati nzuri Jaspreet aliisoma taarifa hiyo kabla haijasafiri. "Hii futa," alisema. "Mama yangu akiruka bibi akasalimia mimi kwanza, bibi nakasirika mpaka Diwali." Ikafutwa. Futi ya chuma lakini haifutiki.

Jaspreet akahangaika kumpatia Esperance nyumba kubwa. Ofisi ya nyumba ya kaunsili, yaani halmashauri ya jiji, ikasema haiwezi kumpa mtu mmoja nyumba ya vyumba vitatu, alete kwanza watoto. Ofisi ya watoto ikasema haiwezi kumpa watoto, alete kwanza vyumba. Ofisi hizo mbili ziko jengo moja. Zinatumia lifti moja. Nadhani kwenye lifti huwa wanaangalia viatu.

Wiki ile ile tukaitwa mafunzoni Digbeth, kwenye ghala la zamani ambalo siku hizi lina taa za kuning'inia na viti visivyokalika. Wakaleta mgeni kutoka Australia, mama wa makamo, Noreen, anatoka kwa wenyeji wa asili wa nchi ile, waliokuwepo kabla Waingereza hawajafika na meli zao. Kwao wakubwa wanaitwa shangazi hata na wasiowahusu, kwa hiyo nami nikamwita Shangazi Noreen, naye akaniita Shangazi Faida, tukaelewana kabla hatujaongea.

Alisimulia kwamba mama yake alichukuliwa na serikali akiwa mdogo, yeye na wengi wa kwao, wakapewa wazungu. Walisema ni kwa faida yake. Nilipotajwa jina nikaacha biskuti. Alisema miaka imepita, siku hizi wana sheria ya kupanga mtoto akae wapi: kwanza ndugu, wakikosekana watu wa kabila lake, wakikosekana wenyeji wengine, na mgeni awe wa mwisho kabisa. Ukumbi mzima ukaandika. Graham, mbele yangu, akatikisa kichwa kwa kupendezwa.

"Ni sheria nzuri," Shangazi Noreen alisema. "Tumeiweka kwenye fremu. Halafu anakuja mtu na futi, anapima nyumba ya shangazi mtu, anakuta kasoro chumba, na mtoto anakwenda kwa wageni. Zamani walituchukua bila sheria. Sasa wana futi."

Mimi nilicheka peke yangu, kwa sauti. Watu wakageuka.

Wakati wa chai nilimfuata. Kiingereza changu ni cha sokoni lakini kinafika. Nikamweleza habari za Neema na Daudi. Nikamwuliza kwao wanafanyaje.

"Wengine tunalia," alisema. "Mama yangu mkubwa hakulia. Alifunga virago, akampa mpwa wake nyumba yenye vyumba, watoto wakaletwa."

"Na yeye akaenda wapi?"

"Kwangu. Mpaka leo anakoroma kwenye chumba changu kizuri."

Nilirudi Handsworth na basi, na njia nzima nilikuwa nahesabu vyumba. Changu, cha mbele, cha nyuma. Nyumba yangu ni ya kaunsili. Ya Esperance pia. Na kaunsili, mkitaka kujua, inaruhusu wapangaji wawili kubadilishana nyumba.

Nikamwita Esperance, nikamwita Jaspreet, na Graham akaja maana alisikia kuna mandazi. Nikawaambia: mimi nahamia kwa Esperance, Esperance anahamia hapa. Watoto hawatatoka hata kwenye vitanda vyao. Sisi wakubwa ndio tutakaotoka.

Wa kwanza kukataa alikuwa Esperance mwenyewe. Alisimama kabisa. "Hapana, Mama. Mimi nitoe mutu mukubwa mu nyumba yake? Kanisa litasema nini? Bataniita mwizi. Hapana, hapana." Na machozi yakaanza kumtoka.

Wa pili alikuwa Graham. "Koko Faida, unajua nyumba ya Esperance ina chumba kimoja. Huwezi kuwa mlezi bila chumba cha mtoto. Ukihama, kibali chako kinakwisha."

"Nimesikia."

"Nataka uhakika kwamba umeelewa. Hutapewa mtoto tena."

Hapo, sitawaficha, nilirudisha andazi kwenye sahani. Siku zote hizo nilikuwa sijawahi kukaa katika nyumba isiyo na mtoto. Niliangalia mlango ule aliosimama Tyrone. Pilipili zangu zilikuwa dirishani, lengalenga, mchicha wa kwetu, nimezipanda nyuma, na ng'ambo ya barabara Miss Beverley yuko hai bado, ananiita kwa kupiga sufuria. Halafu nikasikia juu, Daudi anacheka, na Neema anamwambia anyamaze maana wakubwa wanaongea habari zao.

"Nimeelewa," nikasema.

Akabaki Esperance, na huyo ndiye aliyekuwa mgumu kuliko ofisi zote. Pesa angekubali, maneno ya faraja angekubali, lakini kumtoa mkubwa kwake, hapana. Nikafikiri, kama ni adabu inayomzuia, basi adabu ndiyo itakayomsogeza.

"Esperance, mimi nani kwako?"

"Uko mama."

"Mkubwa akikutuma, kwetu unauliza?"

"Siulize, Mama."

"Basi nakutuma. Kaa kwenye nyumba hii, unitunzie lengalenga, na hao watoto wawili walio juu. Hujanitoa. Nimekutuma."

Akapanga mikono yake miwili pamoja, akapiga goti kidogo. "Sawa, Mama. Nimetumwa."

Graham akamwuliza Jaspreet hapa kimetokea nini. Jaspreet akamjibu, "Paneli imekaa, na imepitisha."

Ilibaki paneli yao. Jaspreet ndiye aliyewashika, huyu wa nyumba na huyu wa watoto, akawaweka kwenye kochi langu siku moja, chai mkononi, mpaka kila mmoja akaandika kwamba atakubali mwenzake akikubali. Sifa hiyo ni yake, babu yake angemnunulia sanduku. Mtu akaja na futi akapima chumba cha Daudi. Kikatosha. Akapima tena, nadhani kwa kutoamini. Paneli ikapitisha.

Ndivyo nilivyostaafu. Futi ile ile iliyonipa kazi ndiyo iliyoninyang'anya. Nakaa juu kwenye ghorofa ya Esperance, chumba kimoja, lifti inayofanya kazi ikijisikia. Sanduku la bluu liko chini ya kitanda. Zawadi ametoka hospitali, anakuja Jumapili kula na watoto wake, anaongea kidogo kidogo, na Neema anamjibu kwa Kiingereza.

Mnaniuliza muingie kazini au msiingie. Ingieni. Nunueni masanduku, wekeni mafuta ya nazi, jifunzeni majina. Na mabango yakiandikwa "ndugu kwanza," yasomeni kwa sauti mbele ya aliyeyatundika.

Jambo la mwisho. Jaspreet aliponiletea maua yale niliyoyasahau kwenye sherehe, aliniuliza kama namkumbuka Daudi wakati wa kulala. Nikamwambia sihitaji kumkumbuka, Jumamosi nalala kule. Esperance hataki kusikia mkubwa amekuja halafu akarudi giza limeingia. Daudi analala na dada yake, mguu juu ya tumbo, kama zamani. Kitanda chake kinatandikwa vizuri kila asubuhi, shuka ya dinosaria, mto umenyooshwa, na mkaguzi akija anakiona na anaridhika.

Jumamosi nakilalia mimi. Hita ni nzuri kabisa. Msimwambie Graham.